TOM BLAKE: JAMAA ALIYEACHA SHULE AKAENDA KUTOBOA UBAO

Leo naweka siasa na mpira pembeni. Juzi nilikuwa kafe, nimelipia nusu saa kama kawaida yangu, zimebaki dakika kumi hivi, nikakutana na picha moja ya zamani isiyo na rangi. Jamaa amesimama, nyuma yake mbao ndefu kuliko yeye zimepangwa wima kama milango ya nyumba ya majitu. Nikajiuliza huyu ni seremala au ni nani? Nikaongeza nusu saa nyingine, na nauli ya kurudi nyumbani ikaishia hapo. Nilirudi kwa miguu, ila sijutii.

Jamaa anaitwa Tom Blake. Alizaliwa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, tarehe 8 Machi 1902. Kifua kikuu kilimchukua mama yake kabla mtoto hajafikisha hata mwaka, akalelewa kwa ndugu, leo hapa kesho pale. Wisconsin haina bahari, ina maziwa na baridi kali. Mwaka 1918 yakaja yale mafua yaliyoua mamilioni ya watu duniani, na shule aliyokuwa anasoma ikafungwa. Ilipofunguliwa, Blake hakurudi tena. Elimu yake ya darasani ikaishia hapo, cheti hana.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi shule haina maana. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, na najua uchungu wa kuona wenzako wanaendelea wewe umebaki kijiweni. Ninachosema ni kwamba Blake naye alibaki kijiweni, kwa hiyo tuangalie alifanya nini na muda wake.

Kwanza alikutana na mtu. Mwaka 1920, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, alikuwa kwenye ukumbi wa sinema mjini Detroit. Mle ndani alikuwepo Duke Kahanamoku, Mhawaii, bingwa wa kuogelea, akiwa njiani kurudi kutoka Olimpiki ya Antwerp alikochukua dhahabu. Duke ndiye pia aliyeitembeza dunia nzima habari ya mchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Blake alimfuata akaomba kumpa mkono. Wakasalimiana, basi. Hakuna mkataba wala namba ya simu. Lakini mkono ule alikuja kuusimulia mpaka uzeeni.

Mwaka uliofuata akaenda Los Angeles, pwani ya magharibi. Akajifua kuogelea mpaka mwaka 1922 akashinda ubingwa wa taifa wa maili 10 mtoni Delaware, Philadelphia. Jamani, maili 10 ni kilomita 16! Riziki aliipata kwa kuokoa watu baharini, na kwa kucheza vipande vya hatari kwenye filamu za Hollywood kwa niaba ya mastaa. Kisha mwaka 1924 akapanda meli kwenda Hawaii.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hili huwezi kuelewa jamaa alifanya nini. Mchezo wa mawimbi ni wa Wahawaii wenyewe, tangu enzi na enzi. Walicheza wafalme, wanawake na watoto. Kulikuwa na aina ya ubao mrefu na mzito uitwao olo, na huo ulikuwa wa machifu. Lakini karne ya 19 iliwaendea vibaya. Magonjwa ya wageni yaliwaua watu wengi sana, wamisionari waliofika 1820 hawakuupenda mchezo wenyewe wala ile hali ya kucheza karibu uchi, na mwaka 1893 ufalme wao ukapinduliwa. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Kwa hiyo Blake alipofika, mchezo ulikuwa unafufuka pale Waikiki kina Duke wakiuongoza, ila zile olo hakuna aliyekuwa anazipanda. Zilikuwa zimetundikwa kwenye Jumba la Makumbusho la Bishop, mjini Honolulu.

Blake akaenda kuziangalia. Mbili kati ya hizo zilikuwa za chifu mkubwa Abner Paki, aliyefariki 1855. Kila moja ina urefu wa karibu mita 5 na uzito wa zaidi ya kilo 60. Watu wengi walizipita kama tunavyopita sisi mbele ya vitu vya kale, tunasema duh, halafu tunaenda kunywa soda. Yeye akaomba azikarabati. Na makumbusho yakamruhusu. Akazisafisha, akaziziba nyufa, akazirudishia mng'aro wake.

Hapo ndipo nilipompenda. Kuna fundi mmoja wa redio mtaani kwetu, nilipoenda kujifunza kwake alinipa redio mbovu ya miaka ya nyuma akaniambia niifungue, niisafishe, niifunge, bila kuitengeneza. Nilifanya hivyo wiki nzima nikaona ananizingua. Mwisho nikagundua kwamba nimeshajua kila waya unatoka wapi kwenda wapi. Ukikarabati kitu cha mtu, mikono yako inapita njia ileile aliyopita yeye. Blake alipitisha mikono yake juu ya kazi ya mafundi wa Kihawaii waliokwishakufa, akajua unene uko wapi, ncha inaishaje, tumbo limepindaje.

Kisha akataka na yeye awe na wa kwake. Tatizo likawa uzito. Ubao wa kawaida wa Waikiki wakati huo ulikuwa mti mzima, mzito kweli. Mwaka 1926 akachukua mbao nzito ya mti wa redwood, akaichonga kwa umbo la olo, halafu akafanya jambo ambalo ukimwona ungesema kachanganyikiwa: akashika keekee akatoboa mashimo mamia, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Akauacha ukauke, kisha akafunika juu na chini kwa mbao nyembamba. Vijana siku hizi wanaongea habari ya kutoboa maisha, mwenzao alianza na kutoboa ubao.

Sisi wa pwani hili tunalielewa haraka. Mtumbwi ni gogo lililotolewa matumbo. Tofauti ni kwamba Blake aliufunga tena juu, hewa ikabaki ndani.

Baadaye akaachana na mashimo. Akajenga fremu ya mbavu ndani na ngozi nyembamba ya mbao nje, kama bawa la ndege la zama zile. Uzito ukashuka sana. Kasoro haikukosekana, maji yalikuwa yanapenya taratibu kwenye maungio, kwa hiyo akaweka kizibo. Ukifika nchi kavu unafungua, unaumwaga mzigo wa chumvi, unarudi tena.

Mwaka 1928 akashinda mashindano makubwa ya kwanza ya mawimbi ya pwani ya Pasifiki, pale Corona del Mar, California. Huko Honolulu nako akavunja rekodi za mbio za kupiga makasia kwa mikono. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kuna wenyeji walilalamika kwamba huyu hashindi yeye, kinachoshinda ni chombo chake. Mwaka 1931 akaomba hataza, ile hati ya serikali inayosema ubunifu huu ni wako, na mwaka 1932 Marekani ikampa. Mwaka huohuo 1932 akalala kifudifudi juu ya ubao wake akavuka bahari kutoka bara mpaka kisiwa cha Catalina, zaidi ya kilomita 40, kwa muda wa karibu saa sita.

Wadau, hapa ndipo penye mzozo, na mimi nataka tuzungumze kwa haki. Umbo ni la Wahawaii. Jina la mmiliki kwenye karatasi ni la mzungu wa Wisconsin. Je, aliiba?

Nimelifikiria sana hili njiani wakati natembea (si nauli ilikuwa imeisha!). Naona hivi. Alichoandikia hataza ni ule uwazi wa ndani, na huo alikuja nao yeye. Lakini ukweli mwingine ni kwamba bila zile olo za chifu Paki asingefika popote, na hataza ile haikumwandika marehemu. Anayejaza fomu ndiye anayebaki na jina. Wale mafundi waliochonga ubao wa Paki majina yao mimi sijakutana nayo. Hilo si kosa la Blake peke yake, ila limetokea mikononi mwake.

Kilichonifanya nisimhukumu ni mambo aliyoyafanya baadaye. Mwaka 1935 alitoa kitabu kiitwacho Hawaiian Surfboard, kilichochapishwa Honolulu. Ni kitabu cha kwanza kizima kuhusu mchezo huu, na kwa sehemu kubwa amewasimulia Wahawaii wenyewe, hadithi zao za kale, machifu wao, na namna walivyotengeneza mbao zao. Mtu asiyemaliza shule, huyo! Pia michoro ya kujitengenezea ubao mtupu ilitoka kwenye majarida ya ufundi ya Marekani miaka ya 1930. Kijana mwenye msumeno na gundi angeweza kuukata nyuma ya nyumba yao.

Na walionufaika sana hawakuwa wachezaji tu. Waokoaji wa fukweni walizichukua mbao hizi wakazifanya chombo cha kazi. Ubao mwepesi, unaoelea juu, unampelekea mwokoaji mtu anayezama kabla hajachelewa, na wote wawili wanashikilia. Hebu fikiria watu wangapi walirudi makwao kwa sababu ya yale mashimo ya keekee.

Bado kuna kamera. Karibu mwaka 1930 alinunua kamera kubwa ya Graflex kutoka kwa Duke, yuleyule aliyempa mkono Detroit. Akaitengenezea kasha lisiloingiza maji, akaingia nayo baharini juu ya ubao. Kabla yake picha nyingi za mchezo huu zilipigwa ufukweni au kwenye ngalawa, watu wanaonekana kama sisimizi. Blake alipiga akiwa katikati yao, wimbi likimjia usoni. Mei 1935 jarida la National Geographic likachapisha picha zake. Kuna daktari wa meno wa California, John Ball, alizipenda picha za Blake mpaka naye akaanza kupiga, na mwaka 1946 akatoa kitabu chake cha picha. Yaani picha zote hizo unazoziona leo kwenye mtandao, mtu yumo ndani ya pipa la maji, ukoo wake unaanzia kwenye kasha lile.

Mwaka 1935 haukumwisha hamu. Alikuta mashua ya kasi iliyotupwa, akang'oa kipande cha chuma cha chini yake, akakifunga kwenye mkia wa ubao. Pezi! Kabla ya hapo ubao ulikuwa unateleza upande mkia ukikimbilia unakotaka, mchezaji anaburuza mguu majini ili akate kona. Pezi likaushika ubao kwenye njia yake. Watu hawakulishobokea mara moja, ilichukua miaka. Leo nenda popote duniani, ubao usio na pezi ni nadra kuuona.

Utajiri je? Hakuupata wa kutisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ambayo aliitumikia kwenye ulinzi wa pwani, zikaja mbao za balsa na faibaglasi, kisha povu, na ule ubao mtupu ukabaki kwa waokoaji na wapiga makasia. Ndoa yake ya miaka ya 1920 ilikuwa fupi, hakuoa tena. Aliacha kula nyama tangu ujana. Aliishi kwenye boti, akaishi kwenye gari, mwisho akarudi Wisconsin alikokulia. Mwaka 1969 aliandika makala ya kueleza imani yake, kwamba nguvu inayopita ndani ya wimbi ndiyo inayopita kwenye kila kitu. Na kule Wisconsin alichonga kwenye mwamba wa mchanga maneno mafupi ya kusema Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Wengine mtampinga kwa hilo, na mimi dini yangu inanifundisha tofauti. Ila namwona mzee aliyezunguka bila mama wala nyumba, akitafuta neno moja la kufunga hesabu yake, na hakuliandika kwenye karatasi ya hataza, akaliweka juu ya jiwe.

Alifariki Mei 1994, akiwa na miaka 92.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo kwenye mashine ya kona huku dakika zinakata, huna cheti kizuri na hujui uanzie wapi, mimi sina kazi ya kukupa. Nina swali tu. Mtaani kwenu kuna kitu gani cha wazee kimetundikwa, watu wanakipita, kinangoja mtu wa kuziba nyufa zake? Na ukishajifunza hapo, utawaandika waliokitengeneza?

Lile la kuiba au kutoiba nalo naomba mnijibu. Maoni ruksa hapo chini, matusi hapana. Jamaa wa kafe ameshaanza kuniangalia, nawasilisha.