S. P. L. SØRENSEN, MTU ALIYETUFUNDISHA KUPIMA MAJI

Mwaka jana sisi wanafunzi watatu tuliwatoa samaki wadogo saba penye mawe ya ufukweni, kusini ya Rumonge, tukawatia katika tangi la kioo darasani. Kubeba maji ya ziwa ni kazi nzito, nasi tulikuwa wavivu. Basi tukalijaza tangi kwa maji ya mvua ya paani. Siku ya tatu samaki wote walikuwa wamekufa. Mwalimu wetu wa kemia hakutukemea. Alituuliza tu kama maji yale tuliyapima, nasi hatukuwa na la kujibu. Ndipo nilipoanza kusoma habari za mtu ambaye kipimo chake kinatumika leo dunia nzima.

Søren Peder Lauritz Sørensen alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 18 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen ili asomee udaktari wa wagonjwa. Lakini huko alikutana na mwalimu wa kemia, S. M. Jørgensen, na moyo wake ukageuka. Akaiacha njia ya kwanza akaifuata kemia, na mwaka 1899 akapata shahada ya udaktari katika elimu hiyo.

Mwaka 1901 aliitwa kuwa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg, mahali pa Johan Kjeldahl aliyefariki mwaka uliotangulia. Maabara hiyo iliwekwa mwaka 1875 na J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia. Tajiri huyo alitoa amri njema: jambo lolote la maana litakalogunduliwa humo lisifichwe, bali litangazwe kwa watu wote. Basi maarifa yaliyotoka humo hayakuwa mali ya kiwanda kimoja.

Sørensen alichunguza protini na vimeng'enya, yaani vile vitu vinavyoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe. Akaona taabu kubwa. Kimeng'enya kikiwa katika maji yenye asidi ya kiasi fulani hufanya kazi vizuri; asidi ikizidi au ikipungua kidogo tu, kazi hulegea au husimama. Lakini wataalamu hawakuwa na lugha moja ya kutaja kiasi hicho. Huyu alisema asidi kidogo, yule alisema asidi dhaifu. Kazi ya mmoja haikuweza kulinganishwa na kazi ya mwingine, na jasho la miaka likapotea bure.

Mwaka 1909 Sørensen alileta dawa ya taabu hiyo. Kila maji yana chembe za haidrojeni zenye umeme, na zikiwa nyingi, asidi ni kali. Katika lita moja ya maji safi uzito wa chembe hizo ni kama sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara 10,000,000. Hesabu kama hiyo huchosha kuiandika. Yeye akachukua idadi ya zile sifuri saba peke yake, akasema maji safi ni 7. Kipimo hicho ndicho pH. Chini ya 7 ni upande wa asidi, kama maji ya limau. Juu ya 7 ni upande wa alkali, kama maji ya majivu au magadi. Tena kila hatua moja ni mara kumi: maji ya 9 yamepita maji ya 8 mara kumi, wala si kidogo.

Hakuishia hapo. Alionyesha njia mbili za kupima, moja kwa umeme na moja kwa rangi zinazogeuka. Mwaka 1910 yeye na msaidizi wake Sven Palitzsch walitangaza namna ya kupima maji ya bahari, akaonya kwamba chumvi huzidanganya rangi, na kosa hilo hapana budi lisahihishwe. Baadaye alifanya kazi ya protini pamoja na mke wake Margrethe. Tuzo ya Nobel hakupewa. Alistaafu mwaka 1938, akafariki tarehe 12 Februari 1939.

Sasa turudi Tanganyika. Maji ya juu ya ziwa letu yana pH karibu na 9. Lakini pH peke yake haitoshi. Yaonyesha maji yamesimama wapi. Haionyeshi yatastahimili kiasi gani yakisukumwa na asidi. Nguvu hiyo ya kustahimili huitwa ualkali, na hupimwa kwa kudondosha asidi inayojulikana ukali wake mpaka pH ishuke karibu na 4.5, kisha kuhesabu asidi iliyotumika. Ualkali wa Tanganyika ni karibu mara tatu ya ule wa bahari. Maji ya mvua karibu hayana kitu.

Wako watu wa ng'ambo wanaofuga samaki wa ziwa letu, na wengine wanaofuga matumbawe kama yale ya pwani ya Mombasa na Unguja. Matumbawe hujenga mifupa yao ya chokaa kwa kuutumia huo ualkali, hata maji ya tangi yakapungukiwa kila siku. Mwenye tangi akisahau kupima, hufa. Kwa hiyo siku hizi zipo mashine ndogo zinazovuta maji zenyewe, zikadondosha asidi, zikasoma pH kwa umeme, zikahesabu, mara kadhaa kwa siku, mwenyewe akiwa amelala. Lakini ndani ya mashine hiyo, kinachosomwa ni kipimo cha yule mtoto wa mkulima.

Sisi hatuna mashine. Tulitumia bureti ya shule na rangi inayogeuka kutoka manjano kuwa nyekundu. Maji ya mvua yaligeuka kwa matone mawili tu. Maji ya ziwa yaliinywa asidi tone kwa tone, tukangoja, mpaka mwenzangu akadhani rangi imeharibika. Hapo tukaelewa jinsi tulivyowatendea wale samaki saba.

Samaki tulio nao sasa wanaishi katika maji ya ziwa, tuliyoyabeba wenyewe kwa ndoo. Kila Jumamosi twayapima na kuandika daftarini. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwanza mtu awe na kibaba. Sørensen alitupa chetu, wala hakutuuzia.