Sheikh Ramiya na wanafunzi wetu wenye mvi

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, baada ya Maghrib watu wazima hukaa msikitini kujifunza Qur'an. Yumo dereva, yumo fundi cherehani, yumo mzee aliyeshuka na ndizi zake kutoka Kinole. Ustadh wao aghalabu ana umri wa watoto wao. Mzee akikosea kutamka dhad, ustadh akacheka, wiki inayofuata mzee haonekani. Tunasema hana hima. Je, ni kweli?

Ndugu Waislamu, tumkumbuke Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Alizaliwa mashariki ya Kongo katika karne ya 19, akaletwa pwani akiwa mtoto na mtumwa. Misafara ya Bagamoyo enzi hizo ilipita chini ya milima hii hii. Aliishi katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Baadaye alifanya biashara ya samaki, akamiliki minazi, na huku akihangaikia riziki aliitafuta elimu ya dini mpaka akaipata.

Mtu aliyeitwa mtumwa akafungua madrasa, akawa kiongozi wa Twariqa ya Qadiriyya Bagamoyo. Wengi waliomfuata walikuwa wanyonge, wakiwemo waliopitia utumwa kama yeye, na utumwa haukupigwa marufuku Tanganyika hadi 1922. Kwake walipata elimu, na pamoja nayo heshima. Alipofariki mwaka 1931, mwanawe Sheikh Muhammad alishika nafasi yake.

Sasa tujiulize: lau siku ya kwanza Ramiya angechekwa kwa asili yake au kwa kuchelewa kwake, umma ungepoteza nini?

Mtu mzima anapokuja darasani ameshashinda vita kubwa, vita ya aibu. Ustadh asimrudishe nyuma. Amwite kwa heshima ya umri wake. Kosa lake amsahihishe taratibu, ikibidi pembeni. Asimlinganishe na watoto wa madrasa. Asipoonekana, amuulizie nyumbani kabla ya kumhukumu. Mtume (S.A.W.) alipomfundisha Sahaba aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua, hakumkaripia wala hakumkunjia uso.

Maustadhi wetu, mzee huyo huenda amebakiwa na miaka michache ya kujifunza Al-Fatiha. Mkimkimbiza, mtamjibu nini mbele ya Allah?

Wabillahi tawfiq.