James Wilkinson, mutu aliyefuata santimetre zinazopotea ndani ya ordinatere

Chukua ukuta wa metre 10. Unataka kuugawanya vyumba 3 vyenye kulingana. Ordinatere inakuandikia kwenye plani 3,33 mara tatu. Fundi anapima vile alivyosoma, anajumlisha, anapata 9,99. Santimetre 1 imepotea, na hakuna mutu aliyeiiba. Kwa nyumba moja ndogo, si kitu. Lakini kwa jengo lenye vyumba vingi vinavyofuatana, ao kwenye mupaka wa parseli mbili, santimetre kama hizo zinajikusanya na kuleta maneno kati ya majirani.

Mutu aliyetumia maisha yake kuchunguza makosa ya namna hii anaitwa James Hardy Wilkinson. Hakuwa arshitekte. Lakini vijana wetu wanaochora plani kwenye ordinatere wanatumia njia aliyosaidia kuifungua.

Wilkinson alizaliwa tarehe 27 Septemba 1919 huko Strood, katika jimbo la Kent, inchi ya Uingereza. Familia yake ilikuwa inauza maziwa, na ile biashara ikaanguka. Feza ilikuwa haba, lakini mutoto alikuwa na kichwa cha hesabu. Akiwa na miaka 11 tu alipata msaada wa masomo, akaingia sekondari. Kisha akashinda nafasi kwenye Trinity College, kule Cambridge, na mwaka wa 1939, mbele hajafikisha miaka 20, akamaliza masomo yake ya hesabu kati ya wale wa kwanza.

Ule mwaka vita ikaanza. Serikali ikamuweka kwenye kazi ya kuhesabu mwendo wa risasi na mabomu. Kazi hiyo haikuwa ya kanuni nzuri za kwenye kitabu. Ilikuwa hesabu ndefu, za mashini ndogo za mezani, na kila hatua ilibidi ukate tarakimu za mwisho juu mashini haina nafasi ya kuziandika zote. Huko ndiko Wilkinson alianza kujiuliza: hivi vipande tunavyotupa kila mara, vinaenda wapi?

Nyuma ya vita, mwaka wa 1946, alienda kufanya kazi Teddington, karibu na London, kwenye maabara ya taifa ya Uingereza inayoshugulika na vipimo. Bosi wake alikuwa Alan Turing, ambaye alikuwa anatafuta kujenga ordinatere. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa na woga. Mwaka wa 1943 Mumarekani mumoja, Harold Hotelling, alikuwa ameonyesha kama makosa yanaweza kuongezeka mara nne kila unapoongeza hesabu moja kwenye kundi la hesabu zinazofungamana. Kama ni vile, ordinatere ingekuwa mashini ya kutoa uongo kwa mbio.

Siku moja kundi la hesabu 18 zenye kufungamana likafika kwenye ofisi yao. Watu wanne walikaa kulitatua kwa mashini za mezani: Turing, Wilkinson na wenzao wawili, Fox na Goodwin. Turing mwenyewe alifikiri haitafaulu. Walipomaliza, wakarudisha majibu ndani ya zile hesabu ili wahakikishe. Yakaingia sawasawa kabisa. Woga ulikuwa umepita kipimo.

Turing aliondoka, lakini Wilkinson akabaki na wenzake mupaka ordinatere yao, Pilot ACE, ikafanya programu yake ya kwanza mwezi wa 5 mwaka wa 1950. Kisha akaeleza sababu ya lile jambo la kushangaza. Watu walikuwa wanauliza: jibu la mashini liko mbali namna gani na jibu la kweli? Yeye akageuza ulizo. Jibu la mashini, alisema, ni jibu kamili la ulizo lingine lililo karibu sana na lako. Sasa linganisha yale maulizo mawili. Kama tofauti yao ni ndogo kuliko ile metre ya fundi inaweza kuona, usijisumbue.

Lakini hakusema kila kitu ni salama. Alionyesha hesabu moja yenye majibu 20, kutoka 1 mupaka 20, ambayo ukigusa namba yake moja kidogo sana, chini ya sehemu moja ya milioni, majibu mengi yanaruka mbali kabisa. Kwenye plani kuko jambo la namna ile: mistari miwili inayokaribia kwenda sambamba. Kama inakaribiana milimetre 1 tu kwa kila metre, ukisogeza mumoja kwa milimetre 1, mahali inapokutana panahama metre 1 nzima.

Kwa sisi wa Kongo kuko mutego mwingine. Ramani nyingi za upande wetu wa kusini ya ekweta zinahesabu metre kuanzia 10 000 000 kwenye ekweta na kushuka. Kwa hiyo kona ya parseli ya Bukavu inabeba namba inayopita 9 700 000. Programu ikiandika namba kwa biti 64, haina shida. Lakini zingine, wakati wa kuonyesha picha kwenye ekra, zinatumia biti 32. Kwa namba iliyopita 8 388 608, biti 32 haziwezi kutenganisha kitu kidogo kuliko metre 1. Ndiyo maana mistari inatetemeka na kuta zinaonekana zimevunjika.

Wilkinson aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya mambo haya, mwaka wa 1963 na wa 1965. Mwaka wa 1970 akapewa zawadi yenye kubeba jina la Turing, bosi wake wa zamani. Aliacha kazi Teddington mwaka wa 1980. Mwaka wa 1985 wataalamu walikubaliana kanuni moja ya namna ordinatere zinapaswa kukata tarakimu. Wilkinson alikufa tarehe 5 Oktoba 1986, akiwa na miaka 67.

Kwa wenye kuchora, mafundisho yake yanakuwa hivi. Chora karibu na sifuri, na uandike pembeni umbali uliotoa, ili mutu wa kadastre aweze kuurudisha. Andika urefu wote wa ukuta, si vipande tu. Na kama vipande havijumliki, amua wewe mwenyewe chumba gani kitabeba ile santimetre: 3,33 na 3,33 na 3,34. Usiache fundi aamue akiwa tayari ameshika tofali.