Georg Simon Ohm

Georg Simon Ohm (Erlangen, 16 Machi 1789 – München, 6 Julai 1854) alikuwa mwanafizikia na mwanahisabati kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kanuni inayoitwa kwa jina lake, ambayo inaeleza uhusiano kati ya volteji, mkondo na ukinzani katika saketi ya umeme. Kizio cha ukinzani, ohm (alama: Ω), kimepewa jina kwa heshima yake.

Maisha ya awali

Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa makufuli. Hakupata elimu ya juu, lakini alijisomea hisabati na fizikia, akawafundisha wanawe nyumbani. Mama yake, Maria Elisabeth Beck, alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10. Kati ya watoto 7 wa familia hiyo ni 3 tu waliofikia utu uzima. Mmoja wao, Martin Ohm, akawa pia mwanahisabati.

Mwaka 1805 Georg alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen. Baba yake aliona kwamba kijana anapoteza muda kwa dansi, biliadi na michezo ya barafuni, akamtoa chuoni. Georg alikwenda Uswisi kufundisha hisabati, huku akiendelea kujisomea. Alirudi Erlangen na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1811. Mapato ya uhadhiri hayakumtosha, hivyo mwaka 1813 akaanza kufundisha shuleni mjini Bamberg. Mwaka 1817 alihamia sekondari moja ya Köln iliyokuwa na maabara nzuri, na huko akaanza utafiti wake.

Majaribio ya umeme

Wakati ule volti na ampea hazikuwepo. Kilichojulikana, tangu ugunduzi wa Hans Christian Ørsted wa Denmark mwaka 1820, ni kwamba mkondo wa umeme husogeza sindano ya sumaku. Ohm alitengeneza kifaa chenye sindano iliyoning'inizwa juu ya waya: mkondo ulipokuwa mkubwa zaidi, sindano ilisukumwa kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1825 alichapisha matokeo ya kwanza, lakini fomula yake haikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa chanzo cha umeme, kwa sababu betri za siku zile zilidhoofika mara zilipoanza kutoa mkondo. Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri atumie metali mbili zilizounganishwa, ambazo huzalisha umeme kiungo kimoja kikiwa na joto na kingine kikiwa baridi. Ohm alitumia shaba na bismuthi; kiungo kimoja alikiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Kwa kuwa tofauti ya joto haikubadilika, umeme nao haukuyumba.

Kisha akajaribu nyaya 8 za shaba zenye unene mmoja lakini urefu tofauti, kuanzia takriban inchi 2 hadi 130. Aliona kwamba waya ukirefuka mkondo hupungua kwa utaratibu maalumu, ambao ndani yake lazima uhesabiwe pia ukinzani wa sehemu nyingine za saketi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1826.

Kanuni ya Ohm

Kwa vizio vya leo kanuni huandikwa V = I × R, yaani volteji ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kwa hiyo ukinzani hupatikana kwa kugawanya volteji kwa mkondo. Kanuni hii hufaa kwa metali zisizobadilika joto. Haifai kwa vifaa kama diodi.

Hesabu ya nguvu ya umeme, P = V × I, mara nyingi hufundishwa pamoja nayo, lakini haikutoka kwa Ohm. Ilitokana na kazi ya Mwingereza James Prescott Joule, aliyeonyesha mwaka 1841 kwamba joto katika waya hutegemea ukinzani na mraba wa mkondo (I × I × R).

Kwa mfano, umeme wa majumbani nchini Tanzania, iwe Dar es Salaam au Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, ni wa volti 230. Pasi inayotumia mkondo wa ampea 5 ina ukinzani wa 230 ÷ 5 = 46 Ω, na nguvu yake ni 230 × 5 = wati 1,150. Kama nyaya zinazoifikia zina ukinzani wa 0.4 Ω, zenyewe hutoa joto la 5 × 5 × 0.4 = wati 10. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto hilo huwa mara nne, yaani wati 40. Ndiyo sababu waya mwembamba uliofungiwa vifaa vingi unaweza kuungua na kusababisha moto.

Kukataliwa na kutambuliwa

Mwaka 1827 Ohm alichapisha mjini Berlin kitabu chake Die galvanische Kette, mathematisch bearbeitet. Alitumaini kitampatia nafasi ya chuo kikuu, lakini kilipokelewa vibaya. Baadhi ya wanafizikia wa Ujerumani hawakupenda kueleza maumbile kwa hisabati. Mwaka 1828 aliacha kazi ya Köln, akaishi miaka kadhaa kwa vipindi vichache vya kufundisha mjini Berlin. Mwaka 1833 alipata kazi katika shule ya ufundi ya Nürnberg.

Heshima ilianzia nje ya nchi: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Nishani ya Copley. Mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kifo chake, alipewa uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha München. Alizikwa katika makaburi ya Alter Südfriedhof mjini humo.

Mwaka 1879 ilijulikana kwamba Mwingereza Henry Cavendish alikuwa amegundua uhusiano huo takriban mwaka 1781, lakini hakuuchapisha. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris ulikubali ohm kuwa kizio cha ukinzani, pamoja na volti na ampea.