Fadhili William, kijana wa Pumwani aliyeacha wimbo na mgogoro

WIMBO mmoja wa dakika chache ulitosha kumweka Fadhili William Mdawida katika kumbukumbu za dunia. Wimbo huo huo ndio uliomletea mashaka hadi siku aliyofariki jijini Nairobi, Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62.

Fadhili alizaliwa Novemba 11, 1938 katika nchi ya Wataita, akapata sehemu ya masomo yake ya msingi Pumwani, mashariki mwa Nairobi. Pumwani ya wakati huo haikuwa kitongoji cha kawaida. Serikali ya kikoloni iliitenga mapema miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika, na kando yake ikaota mitaa mingine ya Eastlands: Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na Bahati. Huko Mtaita aliishi ukuta kwa ukuta na Mluo, Mkikuyu na Mswahili wa pwani, na Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya mapenzi na ya gitaa. Mwanamuziki aliyetaka kusikika na mtaa mzima hakuwa na budi kuimba kwa lugha hiyo.

Akiwa bado kijana mdogo, Fadhili aliingia studio na bendi yake ya Jambo Boys, wakarekodi Malaika. Baadaye, katika miaka ya kwanza ya 1960, aliurekodi upya chini ya Equator Sound, kampuni ya Charles Worrod. Katika studio hiyo alifanya kazi na Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kundi hilo ndilo lililochezesha Nairobi mtindo wa twisti wakati taifa linajipatia uhuru. Fadhili alikuwa na vibao vingine, Taxi Driver kikiwa kimojawapo, ila vyote vilimezwa na Malaika.

Kisa cha wimbo huo ni chepesi kukieleza: kijana ampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Kwa wasikilizaji wa Eastlands hayo hayakuwa mashairi ya kubuni. Vijana waliolala wengi katika chumba kimoja, wakipokea mshahara wa kubangaiza, waliijua vyema aibu ya kumkabili mkwe mikono mitupu. Pengine ndiyo maana wimbo huu haujazeeka, kwa vile wenye tatizo hilo hawajapungua.

Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya mwaka 1965. Boney M wakauimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaurekodi mwaka 1991. Kila mmoja aliuvalisha vazi la zama zake.

Hapo ndipo penye uzito wa kumbukumbu ya Fadhili. Wasanii wa siku hizi wanaojaza vyumba vya maonyesho kwa picha za video na sauti hupenda kuchukua wimbo wa kale na kuufanya mlango wa kurudi nyuma: mtazamaji husimama gizani, akaona mtaa uliokwisha bomolewa, huku gitaa likimwambia ni mwaka gani. Nchini Kenya, Ketebul Music, iliyoanzia kituo cha sanaa cha GoDown jijini Nairobi, ilitoa mwaka 2008 mkusanyo wa kanda za sauti, filamu na kitabu kuhusu historia ya benga. Muziki ukiunganishwa na picha hivyo huwa ushahidi, na mwenye ushahidi sharti aulizwe aliupata wapi.

Swali hilo ndilo lililomwandama Fadhili. Mwanamuziki wa Tanzania, Adam Salim, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga wimbo huo katikati ya miaka ya 1940, alipokuwa akiishi Nairobi. Wako pia waliomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alishikilia kuwa ni wake, na kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuutia kwenye santuri, jina lake ndilo lililotambuliwa katika hesabu za mirabaha. Sheria ya hakimiliki humtazama zaidi aliyefika studio. Haina njia rahisi ya kumsikiliza aliyeimba barazani bila kinasa sauti. Kwa haki, tusiwe wepesi wa kumhukumu Fadhili wala kuwapuuza waliomlalamikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia Marekani, akaishi New Jersey kwa miaka mingi. Alirejea nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo vijana wa Eastlands walikuwa wameanza kurap kwa Sheng, na wengi wao waliuimba wimbo wake bila kujua kuwa mwenyewe bado yu hai.

Mwaka wa 2001 haukuwa umekwisha, Novemba, Daudi Kabaka naye akamfuata.