Al-Hassan bin Suleiman: Sultani wa Kilwa aliyeacha jina lake katika shaba

MCHUUZI wa soko la Kongowea au utingo wa matatu ya Likoni anapogeuza sarafu mpya kiganjani hukutana na twiga, kifaru, simba au ndovu. Tangu Desemba 2018, sarafu zinazotolewa nchini Kenya hazina sura ya kiongozi yeyote, kama inavyoagiza Katiba ya 2010. Karibu miaka 700 kabla ya hapo, pwani hii hii ilikuwa na mtawala ambaye naye hakuweka sura yake katika fedha. Aliweka jina tu.

Huyo ni Al-Hassan bin Suleiman, Sultani wa Kilwa Kisiwani, aliyetawala tangu takriban 1310 hadi 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, uliotwaa kiti cha Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 kupitia babu yake, Al-Hassan bin Talut. Tarehe ya Kilwa yaeleza kuwa akiwa bado kijana alisafiri kwenda kuhiji Makka na akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu ya dini. Wakati huo nduguye Daud ndiye aliyeshika madaraka, na Al-Hassan aliporejea akamwachia kiti bila vita. Katika historia ya masultani wa Kilwa, ambao wengi wao waling'olewa kwa nguvu, hilo si jambo dogo.

Utajiri wake ulitoka Sofala. Dhahabu ya bara la kusini iliteremka hadi bandari hiyo, nayo Kilwa ikaitoza ushuru. Kwa mali hiyo alijenga Husuni Kubwa, jumba la matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Inaonekana halikukamilika kamwe.

Mwaka wa 1331 mgeni kutoka Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa na kulala usiku mmoja. Aliona ndizi, ndimu na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaandika kwamba kisiwa hicho hakina eneo la bara na kwamba nafaka yake huletwa kwa vyombo. Wakazi wa Likoni, Changamwe na Kisauni wana haki ya kutabasamu.

Kutoka Mombasa alielekea Kilwa, na huko akamkuta Sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akabadili na kumpa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Lakini mkono huo uliotoa ndio uliovamia watu wa bara na kuteka nyara, ambazo kutoka sehemu yake ya tano aliwatengea masharifu fungu lao. Waliotolewa kama zawadi walikuwa binadamu. Wanaomsifu kwa ukarimu huruka haraka mno sehemu hiyo ya habari.

Alipofariki, Daud alirudi kitini. Kwa mujibu wa Ibn Battuta, huyu alikuwa kinyume cha nduguye: kila aliyeomba aliambiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa.

Kitu kilichobaki ni sarafu. Kipande kidogo cha shaba kiliwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma, kikapigwa nyundo. Upande mmoja kuna jina la Sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina, kama mizani ya shairi iliyogawanywa katika nyuso za fedha. Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa mkono, hakuna mbili zilizo sawa kabisa. Moja imekatwa herufi ukingoni, nyingine imepigwa upogo. Zile za dhahabu ni adimu mno. Tatu zilichapishwa na mtaalamu Helen Brown mwaka wa 1991.

Tatizo la sarafu za shaba za Kilwa ni kwamba hazina mwaka, na majina ya masultani hujirudia: Hassan, Suleiman, Ali, Daud. Hapo ndipo mwandiko unapokuwa shahidi. John Walker wa Makumbusho ya Uingereza aliandika juu yake mwaka wa 1936, na waliomfuata wamepima mkunjo wa herufi, nafasi ya neno na umbo la mkia wa nuni. Kasoro ile ile ikionekana katika sarafu mbili, huwa dalili kuwa zilitoka katika muhuri mmoja. Hata hivyo, mwandiko pekee hautoshi. Ali bin al-Hassan alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mtawala wa karne ya 13, hadi hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ilipofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka wa 1984, zikiwamo zenye jina lake. Sarafu za kigeni zilizokuwa pamoja nazo zilimrudisha nyuma hadi karne ya 11, na orodha ya masultani ikabidi ipangwe upya.

Ya Al-Hassan bin Suleiman yalikwenda mbali. Sarafu yake ya shaba imepatikana Great Zimbabwe, katika nchi ilikotoka dhahabu iliyomtajirisha.