James Legge: Mskoti aliyefungua darasa la Kichina Oxford

TAASISI ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, Kichina tayari kilikuwa somo la kawaida katika vyuo vikuu vingi duniani. Haikuwa hivyo zamani. Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na ukongwe wake wote, hakikuwa na profesa wa lugha hiyo hadi mwaka wa 1876. Aliyepewa kiti hicho alikuwa mzee wa miaka 60 aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake Hong Kong.

Mzee huyo, James Legge, alizaliwa Desemba 20, 1815 mjini Huntly, kaskazini mashariki mwa Scotland, mwana wa mfanyabiashara. Kutoka eneo hilo hilo alikuwa ametokea William Milne, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kwenda kwa Wachina. Milne alikuwa akituma kwao vitabu vya Kichina, na baadhi yavyo vilifika nyumbani kwa akina Legge. Mtoto James aliyatazama maandishi hayo asiweze kusoma hata alama moja.

Alipokuwa King's College, Aberdeen, alikohitimu mwaka wa 1835, alijulikana zaidi kwa umahiri wake wa Kilatini. Angeweza kubaki katika njia hiyo na kuishi kwa raha mustarehe. Badala yake alijiunga na Shirika la Wamisionari la London, kisha kwa miezi michache akajifunza Kichina katika University College, London, chini ya Samuel Kidd, profesa wa kwanza wa Kichina nchini Uingereza. Kiti hicho cha Kidd hakikudumu. Kilikoma mwaka wa 1842 baada ya miaka mitano tu. Wakati huo ni wachache mno waliodhani kwamba Kichina kilistahili kufundishwa chuoni.

Legge na mkewe Mary waliwasili Malacca Januari 1840. Huko alipewa kazi katika Chuo cha Kiingereza na Kichina kilichoanzishwa na Robert Morrison mwaka wa 1818, na muda si muda akawa mkuu wake. Mwaka wa 1843 chuo kilihamia Hong Kong, kisiwa ambacho Uingereza ilikuwa imekitwaa kutokana na vita vya kasumba. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Baadhi ya watoto wao walifariki wakiwa wadogo, na Mary mwenyewe akafariki mwaka wa 1852.

Katikati ya misiba hiyo, Legge alikuwa amekwisha kujitwika mzigo ambao ungemchukua nusu karne. Aliona kwamba Uchina ilitawaliwa na maafisa walioteuliwa kwa mitihani, na kwamba mitihani yenyewe ilitoka katika vitabu vya kale vya Confucius na wafuasi wake. Kijana wa Kichina aliyetaka cheo alivikariri tangu utotoni. Mgeni asiyevijua, kwa maoni ya Legge, hakuwa na haki ya kujiona amewafahamu Wachina, sembuse kuwahubiria. Akaazimia kuvitafsiri vyote, pamoja na maelezo ya wanazuoni wa Kichina waliovichambua kwa karne nyingi.

Mchana ulikuwa wa kanisa, shule na matbaa. Kwa hivyo aliamka saa tisa usiku, akawasha taa na kufanya kazi hadi alfajiri. Mazoea hayo hakuyaacha hata uzeeni.

Hakuwa peke yake, ingawa jilda za vitabu hutaja jina lake tu. Ho Tsun-sheen, mwanafunzi wake wa Malacca aliyepata kuwa mchungaji, alishirikiana naye kwa miaka mingi. Hong Rengan naye alifanya kazi pamoja naye Hong Kong kabla ya kutoroka mwaka wa 1858 kwenda kwa waasi wa Taiping, ambako alipanda hadi kuwa waziri mkuu wao na hatimaye kuuawa mwaka wa 1864. Aliyesaidia zaidi alikuwa Wang Tao, msomi aliyekimbilia Hong Kong mwaka wa 1862 akishukiwa na serikali ya Uchina kuwa na uhusiano na waasi hao hao. Wang alimkusanyia maelezo ya wanazuoni, akayapanga na kuyajadili naye. Legge aliporejea Scotland mwaka wa 1867 alimwalika amfuate, na wawili hao wakaendelea na kazi katika mji mdogo wa Dollar hadi 1870. Miaka minne baadaye Wang alianzisha gazeti Hong Kong, mojawapo ya magazeti ya kwanza kumilikiwa na Wachina wenyewe.

Juzuu mbili za kwanza za The Chinese Classics zilitoka mwaka wa 1861. Matini ya Kichina ilikaa juu ya ukurasa, tafsiri katikati, na chini yake maelezo ambayo mara nyingi yalimeza nafasi kuliko vyote viwili. Gharama ilibebwa na Joseph Jardine, wa kampuni ya Jardine Matheson iliyotajirika kwa kasumba, biashara ambayo Legge aliipinga. Fedha alizipokea hata hivyo. Juzuu ya tano ilichapishwa mwaka wa 1872.

Safari yake ya mwisho Uchina, mwaka wa 1873, ndiyo iliyozua maneno. Alipanda mlima Tai, akazuru kaburi la Confucius mjini Qufu, na huko Beijing, alipofika madhabahu ya Mbingu ambako wafalme walitoa kafara, alivua viatu kwa heshima. Baadhi ya wamisionari wenzake waliona ameabudu pasipostahili. Legge alishikilia kwamba Shangdi, aliyetajwa katika vitabu vya kale vya Kichina, ndiye Mungu yule yule wa Biblia. Hoja zake kuhusu Confucius na Ukristo ziliposomwa kwa niaba yake katika mkutano wa wamisionari Shanghai mwaka wa 1877, ziliwaudhi baadhi yao kiasi kwamba ziliachwa nje ya kumbukumbu rasmi.

Kufikia hapo tayari alikuwa Oxford. Wafanyabiashara waliokuwa na maslahi Uchina walichanga fedha za kiti cha uprofesa, naye akatoa mhadhara wake wa kwanza Oktoba 27, 1876. Mwaka mmoja kabla, Ufaransa ilikuwa imemtunuku tuzo ya Stanislas Julien, akiwa wa kwanza kuipokea.

Heshima ilikuwepo, wanafunzi ndio waliokosekana. Darasa lake lilikuwa na watu wa kuhesabika kwa vidole, kwani Kichina hakikumpa kijana wa Oxford shahada wala njia ya wazi ya kujipatia riziki. Mtu aliyekuwa ameongoza shule na kushauri serikali ya Hong Kong hadi ikaanzisha Shule Kuu mwaka wa 1862 sasa alifundisha vyumba vilivyokaribia kuwa vitupu. Hakulegea. Katika mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki uliohaririwa na Max Müller, yeye alitoa juzuu sita, zikiwemo Kitabu cha Mabadiliko mwaka wa 1882 na maandiko ya Utao mwaka wa 1891.

Tafsiri hizo zina kasoro. Kiingereza chake ni kizito, kikavu mahali penye ushairi, na tahajia ya majina ya Kichina katika mfululizo huo humtatiza hata msomaji mzoefu. Waliokuja baadaye, akiwemo Arthur Waley, walimsahihisha katika mengi. Lakini walimsahihisha wakiwa wamekalia kazi yake.

Jambo lisilotajwa sana ni jinsi alivyojisahihisha mwenyewe. Mwaka wa 1861 aliandika kwamba hakuweza kumhesabu Confucius kuwa mtu mkuu. Toleo jipya lilipotoka mwaka wa 1893, Legge akiwa na miaka 77, aliifuta hukumu hiyo na kukiri kwamba kadiri alivyozidi kumsoma ndivyo alivyozidi kumheshimu. Kwa mmisionari wa enzi hizo, hilo lilikuwa jambo zito kuliweka katika chapa.

Legge alifariki Oxford Novemba 29, 1897 akiwa bado profesa, akazikwa katika makaburi ya Wolvercote. Kiti chake kilikaa wazi hadi 1899, kilipochukuliwa na Thomas Lowndes Bullock, aliyekuwa balozi mdogo Uchina. Mitihani ya kale iliyomfanya aanze kutafsiri ilifutwa mwaka wa 1905. Mwaka wa 1960, Chuo Kikuu cha Hong Kong kilichapisha upya juzuu zake zote tano, matini ya Kichina ikiwa pale pale juu ya ukurasa.